Uliza Mjiolojia: Bonde la Rukwa na nyufa zake ambazo bado ziko kazini

Maswali ya safari hii mengi yametoka kusini magharibi, Sumbawanga, Muze, Mbeya mpaka Chunya, na karibu yote yanazunguka sehemu moja, bonde la Rukwa. Nimefurahi sana manake ni bonde ambalo natamani kila mtu wa kule alijue vizuri, ndani yake kuna makaa ya mawe, kuna heliamu, kuna mifupa ya dinosaria, kuna maji yanayonywewa na vijiji vingi, na chini ya vyote hivyo kuna folti ambazo hazijalala. Kwa ambao ndo mnaanza, folti ni ufa kwenye mwamba ambao upande mmoja umesogea na kumwacha mwenzake. Haya tuanze.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha sita hapa Sumbawanga, nasoma PGM, yaani fizikia, jiografia na hisabati. Darasani tunachora bonde la ufa limekatika pande mbili sawasawa afu katikati pakashuka. Ila mimi nimeshasimama juu ya mlima wa Lyambalyamfipa, upande wa Ufipa, nikaliona bonde lote, na nimeshapita pia upande wa Chunya, pande mbili hazifanani hata kidogo. Sasa mchoro wa darasani una makosa au macho yangu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Macho yako yako sawa, na mchoro wa darasani nao usiutupe, umerahisishwa tu ili ueleweke na mtihani ufanyike. Bonde halisi kama la Rukwa halikushuka sawasawa, lilishuka zaidi upande mmoja. Chukua sinia lenye maji kidogo, inua ukingo mmoja, maji yote yatakimbilia upande ulio chini na huko ndo kina kitakuwa kikubwa. Rukwa imeinama hivyo hivyo, na upande ulioshuka zaidi ni wa kaskazini mashariki, chini ya folti ya Lupa, upande wa Chunya huko kwenye dhahabu. Mashapo, yaani mchanga, tope na kokoto zilizoletwa na mito na kulala tabaka juu ya tabaka, yamejaa zaidi upande huo, sehemu nyingine unene unazidi kilomita 7. Fikiria kwamba ungeweza kuchimba zaidi ya kilomita 7 kwenda chini na bado usiguse mwamba mgumu wa zamani.

Sasa najua utauliza, mbona ukuta mrefu unaoonekana ni wa Ufipa? Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari wakati milima ya Mbizi inapita mita 2,000, kwa hiyo ukitazama kwa macho unaona Ufipa ndo kumekatika zaidi. Hapo ndo watu wengi wanapotea. Ufipa ni kipande kilichonyanyuka kati ya mabonde mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na nacho kina folti zake na bado zinafanya kazi. Lakini urefu wa ukuta unaouona juu haukuambii kina cha shimo lililo chini, manake shimo limeshafukiwa. Folti ya Lupa imefanya kazi kubwa zaidi ila kazi yake imezikwa na mashapo. Hii tumeijua vizuri miaka ya 1980 watafutaji mafuta walipopita pale na vifaa vya kutuma mawimbi ardhini na kusikiliza yanavyorudi, wakaona tabaka zinanenepa kadri zinavyosogelea Lupa. Tabaka ikinenepa kuelekea folti maana yake folti ilikuwa inashuka wakati ule ule mchanga unaingia, kila ikishuka kidogo nafasi inapatikana na mto unaijaza.

Kitu kingine ambacho ningependa uende nacho mtihanini hata kama hakitaulizwa, bonde hili halikuzaliwa mara moja. Mwamba wa chini kabisa pale ni wa Ubendi, una umri wa karibu miaka bilioni 2, na una mistari yake ya ndani inayoelekea kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki. Kila ardhi ilipovutwa ikapasukia kwenye udhaifu huo huo wa zamani. Ikapasuka enzi za Karuu, miaka milioni 250 mpaka 300 hivi iliyopita, ndo makaa ya mawe ya Namwele na Muze yalipotokea. Ikaja tena enzi za dinosaria. Ikaja tena miaka milioni 25 iliyopita, na sasa hivi bado inavutwa, milimita chache kwa mwaka. Ndo maana likaelekea vile linavyoelekea, wala halikuchagua.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji, kijiji chetu kipo chini ya mlima upande wa Muze. Kampuni moja ilituchimbia kisima karibu na mlima ikakutana na mawe makubwa ikashindwa, ikahamia mbali kuelekea ziwani ikapata maji lakini yana chumvi hata ng'ombe wanayasita. Hela imekwisha. Je ramani ya jiolojia ingetusaidia au ni mambo ya wasomi tu?

JIBU: Nzuri mjumbe, na pole sana, hiyo hela ni ya jasho la watu. Ramani ingewasaidia, na ingewasaidia kabla mashine haijawasha injini.

Ngoja nieleze ardhi ya pale kwenu ilivyopangwa. Mlimani kuna folti, mto unashuka kwa kasi kwenye mteremko mkali, ukifika chini tambarare unakosa nguvu ghafla na kumwaga ulichobeba. Mawe makubwa yanadondoka kwanza pale pale chini ya mlima, kokoto zinaenda mbele kidogo, mchanga unaenda mbele zaidi, na tope laini linafika mpaka uwanda wa ziwa. Ukiangalia kwa satelaiti unaona kila mto unaotoka mlimani umetengeneza kipande chenye umbo la upepeo uliofunguliwa kimetandazwa chini ya mlima. Kwa hiyo mlipoanza mlikuwa kwenye mawe, na mlipohamia mkaruka mpaka kwenye tope la ziwa. Sehemu nzuri mara nyingi iko katikati, pale kwenye kokoto na mchanga, kuna nafasi kati ya chembe za kukaa maji na maji yanajazwa kila mvua na mto unaoshuka.

Chumvi nayo ina sababu. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, maji yanaingia na njia kubwa ya kutoka ni kupanda hewani kwa jua, chumvi inabaki. Na ziwa hili linapanuka na kunywea sana, zamani lilikuwa kubwa mno mpaka likawa linamwaga maji yake Tanganyika kupitia upande wa Karema, kwa hiyo mahali ambapo leo ni shamba la mpunga palikuwa chini ya maji na chumvi iliyoachwa bado imo kwenye tope. Halafu kuna chemchemi zinazopanda kupitia folti zikiwa na joto na chumvi, kule Ivuna watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi kutokana na maji ya namna hiyo. Kwa hiyo kuchimba kisima juu kabisa ya folti kuna hatari yake na kuchimba mbali sana na mlima kuna hatari yake.

Mkija kuchimba tena dai vitu viwili kwa maandishi. Kwanza wapime jinsi ardhi inavyopitisha umeme kwenye mstari unaotoka mlimani kwenda ziwani, siyo nukta moja tu chini ya mwembe kwa sababu mwenyekiti anakaa hapo. Pili maji yakipatikana yapelekwe maabara, wapime chumvi na floraidi, manake maji ya bonde la ufa yanaweza kuwa safi kwa macho na yakawa na floraidi ya kuharibu meno na mifupa ya watoto. Na ule udongo uliotoka kwenye visima vyote viwili, kama mchimbaji aliandika alipita nini kila mita chache, hiyo karatasi ni mali ya kijiji, itafuteni. Kisima kilichoshindwa kikiandikwa vizuri bado kina faida, kimewaambia chini kuna nini.

SWALI: Mambo kaka. Nasoma jiolojia mwaka wa tatu, nimepangiwa fildi upande wa Galula nichore ramani. Nimefungua picha za satelaiti naona mashamba, mchanga na vichaka tu. Mwamba uko wapi? Na hizo folti nitazijuaje wakati hazionekani? Kusema kweli nimeanza kuogopa.

JIBU: Poa mdogo wangu, na usiogope, umepangiwa moja ya sehemu tamu kuliko zote nchini, kuna watu wanavuka bahari kuja kufanya kazi hapo hapo ulipopangiwa wewe.

Kazi inaanza ukiwa bado chuoni. Pakua data za mwinuko za satelaiti, zile za mita 30 ni bure, tengeneza picha ya vivuli, na usitengeneze moja, tengeneza mbili au tatu jua likitokea pande tofauti, kwa sababu mwanga ukipita sambamba na folti unaificha kabisa. Kila mstari ulionyooka uuchore kwa penseli. Ila usiuite folti bado! Mwamba wa Ubendi nimeshasema una mistari yake ya ndani inayoelekea kule kule zinakoelekea folti, kwa hiyo mstari ulionyooka juu ya mlima unaweza kuwa ni nyuzi za mwamba wa zamani tu na hakuna kilichosogea. Mstari wa penseli ni swali la kwenda kuuliza ardhini.

Jambo moja la kiufundi ambalo linaharibu ramani za watu kila mwaka. Ramani zetu nyingi za zamani zimetumia datamu, yaani msingi wa kupimia mahali kwenye ramani, ya Arc 1960, simu yako na jipiesi zinatumia WGS84. Ukichanganya, nukta zako zinahama karibu mita 300. Yaani unakuta mwamba wa Karuu umeuweka ng'ambo ya mto wakati ulikuwa umesimama huku. Hakikisha kabla hujatoka, na hapo uko kanda ya 36 kusini ya gridi ya UTM.

Ukifika fildi usitembee sambamba na bonde, katiza. Tabaka na folti zinaelekea kaskazini magharibi kwa kusini mashariki kwa hiyo wewe tembea kwa kuzikata, na njia nzuri ya kuzikata ni makorongo na kingo za mito, pale ndo mwamba umechomoza. Machimbo ya kokoto, barabara iliyokatwa kilimani, kisima cha kienyeji kinachochimbwa, choo kinachochimbwa, vyote simama uangalie. Na waulize wachungaji. Wale wafugaji wa kisukuma wanaopita na ng'ombe bondeni wanajua kila korongo, ukiwaambia natafuta jiwe jekundu lililolala hivi au maji ya moto watakupeleka moja kwa moja, na heshima kwao ni kuandika kwenye daftari jina wanalopaita wao. Nenda kiangazi, masika tope jeusi la uwanda linameza gari na wewe humo ndani, na pembeni ya maji usisogee peke yako, mamba wapo kweli.

Kila unapokuta mwamba andika chembe zake zina ukubwa gani, rangi, umelala kuelekea wapi na kwa nyuzi ngapi, na kuna nini ndani. Pale utakutana na familia kama nne. Karuu ni kijivu mpaka nyeusi, mawe ya tope, makaa, ukibahatika unapata alama za majani. Halafu kuna mchanga mwekundu, na hapa tuliza akili, kwa sababu uko wa aina mbili na kwa miaka mingi ulihesabiwa kama mmoja. Ule wa Galula ni wa enzi za dinosaria, ndo umetoa dinosaria Rukwatitan aliyetangazwa 2014 na Shingopana aliyetangazwa 2017, pamoja na yule mamba mdogo mwenye meno kama ya mnyama anayenyonyesha, Pakasuchus, wa 2010. Ule wa Nsungwe ni mdogo sana kwa umri, miaka milioni 25, na wenyewe umetoa Rukwapithecus na Nsungwepithecus, waliotangazwa 2013, mmoja wa ukoo wa masokwe na mwingine wa ukoo wa nyani, kati ya mabaki ya zamani kabisa ya koo hizo. Juu ya yote kuna mashapo ya ziwa, meupe meupe, laini, yanamomonyoka kwa kidole, yana majivu ya volkano za Rungwe.

Mawe mawili mekundu utayatenganishaje? Tafuta majivu ya volkano. Ndani ya Nsungwe kuna tabaka za majivu, na ndani ya majivu kuna chembe za madini ya zirkoni ambazo maabara inaweza kusoma umri wake. Hizo chembe ndo zilizobadilisha historia ya mkono wa magharibi wa bonde la ufa, watu walidhani mkono huo ulianza kufunguka miaka milioni 12 hivi iliyopita, Nsungwe ikasema hapana, shughuli ilianza miaka milioni 25 iliyopita. Tabaka la majivu lilibadilisha vitabu, kwa hiyo ukiliona usilipite, chukua sampuli, weka lebo, piga picha ukiwa umeweka nyundo pembeni kama kipimo.

Sasa folti. Mara chache sana utasimama mbele ya ukuta uliosuguliwa ukang'aa wenye michirizi, ukiupata pima michirizi inaelekea wapi manake inakuambia mwamba ulisogea upande gani. Mara nyingi utapata ushahidi wa vipande vipande na utaunganisha mwenyewe. Umetembea mita 40 kwenye mchanga mwekundu ghafla uko kwenye gnaisi, ule mwamba mgumu wa zamani wa Ubendi, bila tabaka la kati, kuna kitu kimekatwa hapo. Tabaka zilikuwa zimelala nyuzi 10 ghafla zimesimama nyuzi 50, uko karibu. Mawe yamesagika na kugandishwa upya. Chemchemi tatu au nne zimejipanga mstari mmoja. Mto unaokuja vizuri halafu unapinda bila sababu. Na la muhimu kuliko yote, angalia je folti imekata mashapo meupe ya juu au imeishia chini yake? Kama imekata mpaka tabaka changa, folti hiyo imesogea baada ya tabaka hilo kulala, iko hai na watu wanaojenga hapo wanahitaji kujua. Kama mashapo meupe yameifunika bila kukatika, iandike hivyo pia. Mtu akiniletea ramani yenye uchunguzi huo mmoja uliofanywa vizuri nitamheshimu kuliko aliyeniletea mistari hamsini.

Ukija kuchora mstari, kuwa mkweli. Folti uliyoigusa kwa mkono chora mstari mzima. Uliyoikisia kwa ushahidi, chora vipande vipande. Iliyofunikwa na mchanga, chora nukta. Weka vile vijistari vidogo upande ulioshuka. Na kumbuka kwenye ramani ya 1:100,000 milimita moja ni mita 100 ardhini, kwa hiyo hata wino wako una upana, mstari wa nusu milimita umeshafunika mita 50, nyumba kadhaa zinaingia humo. Ukimaliza chora mkato wa chini ya ardhi kutoka Ufipa mpaka Lupa. Ramani yenye makosa inakubali kuchorwa juu ya karatasi lakini mkato unaikataa, tabaka zinagongana, unene hauendani, unajua kabisa wapi urudi kesho na nyundo yako.

SWALI: Salaam kutoka Doha. Kwetu ni Sumbawanga. Hapa Qatar wanazalisha heliamu nyingi na inatoka kwenye gesi asilia. Je ile ya Rukwa ni kweli ipo au ni maneno tu, na kama hakuna gesi asilia imetoka wapi?

JIBU: Wa alaikum salaam ndugu yangu. Ipo kweli, inabubujika kwenye chemchemi za moto tangu zamani, na 2016 watafiti wa vyuo vya Oxford na Durham walitangaza kwamba kiasi chake ni kikubwa. Ila haifanani na ya hapo ulipo. Ya Qatar imejichanganya kidogo sana ndani ya gesi asilia, inapatikana kwa sababu wanashughulikia gesi nyingi mno. Ya Rukwa inasafiri na naitrojeni, na kwenye baadhi ya chemchemi heliamu imefika karibu asilimia 10, hicho ni kiwango cha juu sana.

Imetoka kwenye mwamba wenyewe wa zamani. Urani na thoriamu zilizomo zinaoza polepole na kila zikioza zinaacha heliamu, kwa mamilioni na mamilioni ya miaka imebaki imefungiwa ndani ya chembe za mwamba. Bonde lilipoanza kufunguka na joto la volkano za Rungwe likaja, mwamba ukapata moto ukaiachia, na folti zikawa ndo njia yake ya kupanda. Hapo sasa ramani inarudi, kwa sababu folti hiyo hiyo inayoipandisha inaweza kuipoteza hewani. Unatafuta sehemu ambayo gesi imepanda kwa folti halafu ikakutana na tabaka la tope lililoikalia juu ikashindwa kutoka. Bila kujua folti iko wapi, imeinama vipi na imekata tabaka zipi, unachimba gizani kwa hela nyingi.

SWALI: Na mafuta je? Nasikia walichimba wakafukia. (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili 1987, Ivuna na Galula, haikupata mafuta ya kuuza ikaondoka. Hakuna aliyefukia utajiri. Na hivyo visima ndo vilituonyesha tabaka za chini kwa mara ya kwanza, mpaka leo wanajiolojia wanalinganisha kazi zao na kumbukumbu zake.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee, nimezaliwa Ufipa. Wazee wetu walisimulia kwamba enzi za Mjerumani ardhi ilitikisika vibaya sana. Wajukuu wananiambia ni hadithi za kale, Tanzania haina matetemeko makubwa. Naomba uwajibu.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wajukuu waje wasome hapa. Tarehe 13 Desemba 1910, huko huko kwenu, lilipiga tetemeko la kipimo cha 7.4 hivi, ni moja ya makubwa kabisa kuwahi kurekodiwa na mitambo katika bara lote la Afrika. Wazee wako walisimulia kitu kilichotokea, na mashine za Ulaya zilikiandika.

Na ardhi yenyewe imeweka alama. Juu ya uwanda wa Ufipa kuna folti ya Kanda, ndefu, zaidi ya kilomita 100, na sehemu nyingi inaonekana kama ngazi moja imekatiza nyasi na mashamba, ukuta wa udongo na mwamba wenye kimo kinachofika makumi ya mita. Tetemeko moja haliwezi kunyanyua ukuta hivyo, hata kubwa la kipimo cha 7 na ushei linasogeza mita moja au chache, kwa hiyo ukuta ule ni jumla ya matetemeko mengi. Baadhi ya watafiti wanalihusisha lile la 1910 na folti hiyo. Namna ya kujua ni kuchimba mtaro unaokatiza ngazi, unaona udongo wa zamani umekatwa na kushushwa, unachukua mkaa uliomo unapima umri wake, na hapo unajua folti iliruka lini.

Vijana wanaosema hakuna kitu nawaomba waangalie jirani tu. Desemba 2005 chini ya ziwa Tanganyika lilipiga la kipimo cha 6.8, Kalemie ng'ambo ya Kongo nyumba zikaanguka. Desemba 2009 Karonga, Malawi, siyo mbali na mpaka wetu wa Kyela, matetemeko yalifuatana kwa wiki mbili, kubwa lao 6.0, ardhi ikapasuka kwa kilomita kadhaa na nyumba za matofali ya udongo zikaumia vibaya. Na hiyo ya Karonga mimi hainitoki kichwani kwa sababu folti iliyoruka haikuwa ile kubwa ya Livingstone, pembeni ya ziwa Nyasa, ambayo kila mtu anaijua na kuitazama. Ilikuwa folti ndogo ndani ya bonde lenyewe, chini ya mashamba na makazi. Rukwa nayo ina folti za namna hiyo nyingi, zimelala chini ya mashapo meupe, na nyingi kwenye ramani ni nukta tu au hazipo kabisa. Nazungumza hivi kwa uchungu mzee wangu, kwa sababu kuzichora ni kazi ya nyundo, miguu na hela ya mafuta ya gari, haihitaji miujiza, na shule na zahanati zinajengwa kila mwaka huko bondeni.

Anayejenga sasa hivi asijenge juu ya ngazi ya folti wala pembeni yake kabisa, asogee. Ukuta wa tofali ufungwe kwa linta, mkanda wa zege uliozunguka nyumba nzima bila kukatika, na paa lisiwe zito. Na wewe mzee nakuomba jambo, kaa na mjukuu mmoja mwenye simu, umsimulie yote uliyosikia, nyumba zipi zilianguka, ardhi ilipasuka wapi, chemchemi ipi ilikauka au ilitokea, mtuletee. Jina la kijiji tu linaweza kumwambia mchoraji wa ramani wapi aanze kuangalia.

SWALI: Hizo ramani mnazozitaja kila siku zinapatikana wapi, au ni siri ya serikali? (Msomaji, Chunya)

JIBU: Siyo siri. Zipo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, makao makuu Dodoma, unanunua shiti ya eneo lako, nchi nzima imegawanywa kwa miraba na kila mraba una namba yake, zinaitwa QDS. Za zamani ni za 1:125,000 na mpya ni 1:100,000. Ukiandika barua taja wilaya na vijiji vya karibu kama huijui namba, watakutafutia. Ukiipata soma kwanza ufunguo wa pembeni, halafu angalia mwaka iliochorwa na angalia mistari ya folti ni mizima, vipande au nukta. Ukiona nukta zimepita kijijini kwako na wewe unajua korongo ambalo mwamba umechomoza umekatika, piga picha, chukua nukta ya jipiesi, watumie wao na sisi pia nakala.